Masizi ya Mtu Mwingine

Jua lilikuwa linazama nikitoka dukani, chupa ya spiriti mkononi, nachekacheka peke yangu barabarani. Baada ya miaka kumi na tisa nilikuwa nimekipata kiko cha baba.

Mimi ni seremala, na nakusanya viko vya zamani vya Kiingereza, vile vya mzizi wa briari, mti mgumu usioungua ovyo. Ninavyo thelathini na kimoja. Mke wangu hunicheka: "Mwanamume hata huvuti, vya nini vyote hivyo?" Namwacha aseme. Nilikuwa natafuta kimoja tu, kile ambacho baba mdogo alikiuza hata udongo wa kaburi haujakauka.

Nilikitambua kwa pete yake ya fedha. Ina kibonyeo. Nilikitia mimi, nilipokiangusha ngazini nikiwa na miaka saba.

"Mwenyewe wa mwisho kafa nacho mdomoni," muuza vikuukuu aliniambia. "Kisafishe kwanza, tafadhali."

Kila mkusanyaji anajua. Kiko cha marehemu hukwanguliwa masizi, kikajazwa chumvi, kikamiminiwa spiriti. Harufu ya aliyekivuta inatoka yote. Lakini karakanani, nilipochokonoa kidogo, chini kabisa nilimkuta baba. Ile harufu yake chungu ya kahawa iliyoungua! Nililia, sioni haya kusema. Spiriti nikaiweka kando, nikakitia kiko mdomoni vilevile, na masizi yake.

Hilo ndilo kosa langu.

Kwanza ilikuja harufu. Tamu, ya vanila na karafuu. Kisha kikohozi.

Kh… kh…

Mtu alikuwa amesimama kando ya meza yangu ya kazi. Koti refu, mdomo wazi. Mlango sikuusikia ukifunguka.

"Nipe," alinong'ona. "Bado sijamaliza."

"Kamalizie ulikotoka. Hiki ni cha baba yangu."

"Nimekivuta miaka kumi na tisa…"

"Umevuta cha watu! Toka!"

Hasira ilinishika kuliko woga. Nikakibana kiko kwenye jiliwa la mezani, lile la kushikia mbao, nikachukua kisu. Masizi hukaa tabaka juu ya tabaka. Ya juu yalikuwa yake, ya chini ya baba. Nikakwangua. Akakohoa. Nikakwangua tena. Koti likampwaya, likawa halina mtu ndani, kisha halikuwepo.

Kahawa iliyoungua ikanipanda puani. Nikasimamisha kisu hapohapo.

Nikakiweka mezani.

Kisha nyuma yangu, sauti nzito, ya taratibu:

"Kibiriti… moto."

Jina hilo aliniita baba peke yake, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa namwashia. Mikono ikatii kabla sijafikiri. Nikawasha njiti. Mwali ukainama, ukaingia kikoni, ukavutwa. Kiko kilikuwa bado kwenye jiliwa.

Mke wangu akagonga mlango. "Baba watoto, uko na nani humo?"

"Na baba," nikajibu. Nikasikia nyayo zake zikirudi nyuma, mbiombio.

Asubuhi nilikuta alama mpya za meno kwenye mrija, upande wa kulia.

Baba upande wa kulia hakuwa na meno. Yalimtoka yote kabla sijazaliwa.

Jina langu yule wa koti alilijuaje? Labda baba aliacha mle ndani zaidi ya harufu, hata kumbukumbu zake, na mwizi akazivuta miaka yote hiyo. Sijui. Ninachojua ni kwamba hanichezei mara mbili. Leo nimekwangua hadi kwenye mti. Harufu ya baba imetoka pamoja na masizi, na imeniuma kuliko siku tuliyomzika. Lakini baba yangu kuwa pumzi ya mtu mwingine? Sikubali!

Jua linazama tena. Chumvi imejaa hadi pomoni, chupa ya spiriti ninayo mkononi. Vanila imeshaanza kunukia.

"Kibiriti…" Sauti inatetemeka. Inalia. "Kibiriti mwanangu, mbona unanifukuza?"

Nazibua chupa.

Namimina.