Taa ya Mlango wa Nyuma

Haya yalimpata rafiki yangu, mshonaji wa nguo. Alinisimulia mara moja tu, na hataki kuyarudia. Gari alilonunua kwa mtu lilikuwa na taa nyekundu kwenye dashibodi, ya kuonya kwamba mlango wa nyuma uko wazi. Aliufunga, akaubamiza, lakini taa haikuzimika. Fundi wa umeme wa magari akabadilisha swichi, mwishowe akakata waya wenyewe. Taa ikaendelea kuwaka.

"Dada, mimi hapa nimegonga mwamba," fundi akasema akijifuta mikono. "Endesha tu hivyo hivyo."

Jioni hiyo rafiki yangu akaegesha chini ya jengo analoishi. Umeme ulikuwa umekatika. Alipozima injini giza likatanda, ikabaki taa ile ikimmulika vidole. Kwa uchovu na hasira akasema, "Kama kuna mtu anangoja, basi aingie afunge mlango."

Akasikia kiti cha nyuma kikilalamika, kama mtu mzito amekikalia. Mlango ukafungwa polepole. Taa ikazimika. Kisha, gizani nyuma yake, mkanda ukavutwa taratibu, ukafungwa.