Ukungu wa Babu

Kila Jumamosi asubuhi, vyombo vikishaoshwa na sakafu ikishakauka, shangazi alitandika shuka jeupe juu ya meza ya chakula na kuvitoa vifaa vyake kabatini. Siku nyingine za wiki alikuwa mtaalamu wa maabara hospitalini, mtu wa koti jeupe na hadubini. Jumamosi alikuwa mpiga picha. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza mwenyewe kwa kupiga, kukosea na kupiga tena, na sasa kuta za sebule yake zilijaa picha ambazo wageni walizitazama kabla hata ya kukaa.

Msaidizi wake alikuwa binti wa kaka yake, mwanafunzi wa darasa la sita aliyeishi naye. Watu wote walimwita Fleshi kwa sababu ya kicheko chake. Kiliwaka ghafla, kikazimika ghafla, kama taa ya kamera.

"Tunaanza na nini?" shangazi aliuliza, kama alivyouliza kila Jumamosi.

"Kupuliza."

"Halafu?"

"Brashi."

"Halafu?"

"Kitambaa, taratibu, kutoka katikati kwenda nje."

"Na mtu akianza na kitambaa?"

"Anasugua kioo kwa mchanga, halafu analia."

"Analia sana," alisema shangazi, akimpa kipulizio cha mpira.

Lenzi za shangazi zilikuwa na majina. Twiga alikuwa mrefu, mwenye kuona mbali, lakini mzito. Usipobana viwiko vizuri, picha inatetemeka. Kibonge alikuwa mfupi na mnene. Ukimwona juu ya meza huwezi kumdhania kitu, ila yeye ndiye aliyependa nyuso za watu na vyumba vyenye mwanga hafifu. Shangazi alipotoka na kamera moja na lenzi moja tu, lenzi hiyo ilikuwa Kibonge.

Wa tatu alikuwa Babu. Huyu alikuwa wa chuma kitupu, na pete yake ya kulengea ilizunguka laini kama imepakwa mafuta. Alikuwa mali ya babu yake Fleshi, na ndiyo asili ya jina lake. Lakini Babu hakukaa na wenzake. Aliishi peke yake kwenye kopo la biskuti, juu kabisa kabatini.

"Babu ana ukungu," shangazi alikuwa amesema. "Mwache apumzike mpaka nimpate fundi."

Ilikuwa majira ya mvua. Kila asubuhi vioo vya madirisha vilifunikwa na ukungu, na jua likitoka ukungu unaondoka wenyewe. Fleshi alidhani wa Babu nao ni wa namna hiyo. Hakuuliza.

Wiki ile mwalimu wa sanaa alitangaza kazi mpya. Kila mwanafunzi alete picha ya mtu akiwa kazini hapo shuleni. Picha moja tu itakuzwa na kutundikwa mlangoni mwa ukumbi, wazazi waione siku yao. Fleshi alirudi nyumbani mbio. Nafasi ile ukutani aliitaka kuliko kitu chochote.

"Nitakuazima kamera," shangazi alisema. "Chukua Kibonge. Mkanda uwe shingoni muda wote. Babu usimguse."

"Sawa, shangazi."

Na alikuwa na nia ya kutii. Kesho yake alifika shuleni na kamera shingoni, akajiona kama mtu wa magazeti. Wenzake walimzunguka. Ndipo akaja Profesa, mvulana wa darasa lake aliyependa kutoa maoni kwa kila jambo.

"Sasa hicho ndicho kilenzi chenyewe?" aliuliza. "Jamani, mbona kama kifuniko cha chupa ya chai?"

Darasa zima likaangua kicheko. Fleshi naye alicheka, lakini chake kilizimika upesi kuliko kawaida.

Asubuhi iliyofuata, shangazi alipokwisha kwenda kazini, Fleshi alipanda juu ya kiti, akalifungua kopo la biskuti na kumfunga Babu kwenye kamera.

Akaenda moja kwa moja jikoni mwa shule. Mpishi alikuwa mama mwenye mikono imara ambaye hakuweza kuongea bila kuelekeza mwiko, ndiyo maana wanafunzi walimwita Mama Mwiko. Jua lilikuwa linaingia kwa dirisha la nyuma ya jiko. Fleshi alisimama upande wa pili, akasubiri. Mama Mwiko alipoinua kifuniko cha sufuria kubwa ya maharage, akabonyeza kitufe.

Picha ilitoka ya ajabu. Dirisha, sufuria, kitambaa cha kichwani, vyote vilizungukwa na weupe laini, kama ndoto.

Jioni ile shangazi aliwahi kurudi. Fleshi aliposikia mlango, hakuwa na nafasi ya kupanda kwenye kiti. Alimtumbukiza Babu kwenye begi la kamera, kando ya Kibonge, akavuta zipu. Nitamrudisha kesho, alijiambia. Kesho alisahau, kwa sababu kesho ilikuja na sifa.

"Nani amepiga hii?" mwalimu wa sanaa aliuliza, ameishika picha kwa mikono miwili.

"Mimi, mwalimu."

"Umefanyaje kupata mwanga huu?"

Fleshi alimtupia jicho Profesa. Profesa alikuwa ameachama.

"Ni mbinu yangu, mwalimu."

"Mbinu! Mmesikia? Basi hii ndiyo ya ukutani. Na siku ya wazazi utampiga mkuu wa shule picha palepale, kwa mbinu hiyohiyo, watu wote wakiona."

Siku ile Fleshi hakutembea, alielea. Hata Profesa alimbebea begi la vitabu mpaka getini. Na kwa kuwa kila mtu alizungumzia mbinu yake, naye alianza kuamini kwamba anayo.

Jumamosi ilipofika alianza mazoezi. Alimfunga Kibonge, akapiga picha dirisha la sebule, akapiga maua, akampiga shangazi akinywa chai. Kisha akazitazama kwenye kompyuta, uso ukakunjamana.

"Shangazi, Kibonge ameharibika."

"Ameanguka?" Shangazi aliweka kikombe chini.

"Hapana. Picha zinatoka wazi mno."

Shangazi alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani. "Haki leo nimesikia! Lenzi inashtakiwa kwa kuona vizuri. Ulitaka zitokeje?"

"Ziwe na weupe pembeni. Kama ndoto."

"Hizo ni picha za lenzi yenye ukungu. Hapa anayeweza kukupa hizo ni Babu, maskini, na si kwa kupenda kwake."

"Lakini ukungu wake si utaondoka jua likiwaka?"

Shangazi aliacha kucheka. Alimtazama, akaelewa kosa liko wapi. "Ah. Hapo sikukueleza vizuri. Huo si ukungu wa dirishani, mwanangu. Ni ukungu wa mkate uliosahauliwa kabatini. Unaota. Unaingia kwenye kioo kwa sababu ya unyevu, unatambaa, unakula. Na unahamia kwa lenzi ya jirani. Ndiyo maana Babu anaishi peke yake."

 Macho ya Fleshi yalikwenda kwenye begi, lililofungwa zipu, miguuni pa meza. Angeweza kunyamaza. Shangazi akiingia kuoga, angempandisha Babu kwenye kopo lake, na hakuna ambaye angejua. Lakini tangu siku ile Babu na Kibonge walikuwa wanalala pamoja gizani.

"Shangazi," alisema. "Shangazi, Babu yumo kwenye begi. Nilimweka na Kibonge."

Shangazi hakupiga kelele. Alikausha mikono, akaleta tochi ndogo, akamwangaza Babu kutoka nyuma. "Njoo uone."

Fleshi alichungulia. Ndani ya kioo kulikuwa na nyuzi nyembamba za kijivu, zimetawanyika kama mizizi. Kisha shangazi alimchukua Kibonge, akamgeuza huku na huku mbele ya mwanga, taratibu, kama mtu anayesoma kipimo cha mgonjwa.

"Safi," alisema shangazi mwishowe. "Umesema mapema. Sasa nieleze tangu mwanzo."

Fleshi alieleza yote: kifuniko cha chupa ya chai, kiti, mbinu, siku ya wazazi. Alipomaliza aliuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo picha si yangu?"

Shangazi alifikiri kwanza. Hakuwa mtu wa kutoa hukumu kabla ya kupima. "Dirisha ulilichagua wewe. Kungoja kifuniko kiinuliwe, wewe. Hayo ni yako. Weupe ni wa ukungu. Na mwalimu alikuuliza kuhusu weupe."

Jumatatu Fleshi alisimama mbele ya darasa akasema ukweli. Hakusema kwa kirefu, lakini hakuruka kitu.

"Kumbe bingwa ni kuvu!" Profesa alipaza sauti, na kicheko kikatetemesha madawati.

Mwalimu naye akacheka, akijishika kipaji cha uso. "Na mimi niliisifu ofisini kwa kila aliyeingia! Keti, Fleshi. Umenisaidia nisiendelee kuwadanganya watu bila kujua. Nafasi ya ukutani sasa iko wazi kwa wote. Hata kwako. Na ile picha ya mkuu wa shule tumeiacha."

Shangazi alimwazima Kibonge tena, na tangu hapo Fleshi alifika jikoni kila asubuhi kabla ya kengele. Asubuhi ya kwanza alitoa kamera kwenye baridi ya nje na kuingia nayo moja kwa moja kwenye joto la jiko, na kioo cha Kibonge kikafunikwa na ukungu papo hapo. Alipiga yowe.

"Nini tena?" Mama Mwiko aliuliza.

"Ukungu!"

Lakini huu ulikuwa ule wa dirishani. Uliondoka wenyewe, na shangazi akamfundisha kuiacha kamera ndani ya begi kwanza mpaka izoee joto. Picha za mwanzo zilitoka nyeusi. Zilizofuata zilitoka na sufuria nzuri sana na mpishi asiye na kichwa. Mvuke alioutaka ulipanda alipokuwa anarekebisha kamera, ukatulia alipokuwa tayari.

"Wewe mtoto," Mama Mwiko alimwambia, mwiko juu, "ukinipiga picha zaidi ya hizi nitakwisha!"

Fleshi aliendelea. Alijifunza kwamba mvuke unaonekana vizuri mwanga ukitoka nyuma yake, na kwamba uso wa mpishi unapata mwanga akigeukia mlangoni. Alichokosa ni cha kumgeuza.

Kilikuja chenyewe. Asubuhi moja, mvuke ukiwa umepanda mpaka darini, Profesa alichungulia mlangoni na bakuli lake.

"Mama, naomba nionje tu, nijue kama chumvi imetosha."

"Nani kakuajiri kuonja chumvi?" Mama Mwiko aligeuka, akamnyooshea mwiko, na kabla hajamaliza kufoka akaanza kucheka kwa mwili mzima. Fleshi alibana viwiko, akabonyeza.

Siku ya wazazi ilipofika, wanafunzi wengi walikuwa wameleta picha nzuri, lakini mwalimu hakusitasita. Mlangoni mwa ukumbi, ikiwa imekuzwa kama dirisha, ilining'inia picha ya Mama Mwiko akicheka, mvuke wa kweli ukipanda nyuma yake kwenye jua.

Mwenyewe alikuja bila aproni, amevaa gauni lake la kutokea. Alisimama mbele ya picha muda mrefu hata watu wakaanza kumpisha.

"Ile ya kwanza walinionyesha," alimwambia Fleshi. "Sikutaka kukuvunja moyo, lakini nilifanana na mzimu wa jikoni. Hii ndiyo mimi. Hata kovu langu la mkononi lipo." Akageuka kuwaita watoto wake. "Njooni mumwone mama yenu!" Akasimama kando ya picha, mabega nyuma, kidevu juu, na kila aliyeingia ukumbini alilazimika kuwatazama wote wawili.

Profesa alipita na wazazi wake, akaeleza kwa sauti ili kila mtu asikie, "Hapo mnaona ananichekea mimi. Bila mimi, hakuna picha."

"Ni kweli," Fleshi alisema, na kicheko chake kikawaka.

Shangazi alikuwa amesimama kando, Kibonge shingoni. "Unajisikiaje?" aliuliza.

"Kifua kimejaa, shangazi."

"Na siku ile uliposifiwa kwa mbinu, hakikujaa?"

Fleshi alifikiri kwanza, kama shangazi mwenyewe. "Kilijaa. Lakini niliogopa mtu asije akaniuliza tena."

"Basi shika hapo hapo," alisema shangazi. "Sifa usiyoistahili inakufanya uogope maswali. Kazi uliyoifanya kwa mikono yako, na ukasema kweli juu yake, hata ulimwengu mzima ukikuuliza huna wasiwasi."

Wakati huo mzazi mmoja aliisogelea picha, akainama, akaitazama kwa karibu, kisha akageuka.

"Binti, umefanyaje kupata mwanga huu?"

Fleshi alivuta pumzi. Safari hii jibu lilikuwa refu, na alikuwa na hamu ya kulitoa lote.