Unaliposa au Unalinunua?

Yadi ya magari siku ya Jumamosi haina staha. Watu wanafunguafungua boneti, wanapiga matairi mateke, wanajifanya wanajua. Katikati ya rabsha hiyo, muuguzi mmoja mwenye koti refu la kahawia lililomzidi mwili, na kilemba cha njano kilichoonekana tangu barabarani, alifungua mlango wa mbele wa gari la kijivu la viti saba. Akaingia. Akaketi kwa heshima zote, akaweka mkoba mapajani, akanong'ona, "Haya, mzee, tuone," kisha akanyoosha mikono yote miwili kushika usukani.

Akashika hewa.

"Dada," ilisema sauti ubavuni mwake, kwa Kiswahili kisicho na doa, "ukifika huko unakoendesha, unishushe."

Kwao usukani uko kulia. Kwenye nchi hii mpya uko kushoto, na huko kushoto alikuwa amekwisha kukaa mwanamume mwenye jaketi la buluu, vinywele vya watu vimemganda kwenye kola, akinukia poda na spiriti. Macho yake yalikuwa yamejaa kicheko ambacho bado alikuwa anakizuia kwa heshima.

"Samahani, kaka. Nilidhani..."

"Usiombe samahani. Umekaa kiti cha bosi, kaa tu. Mimi dereva wako. Twende wapi, Bosi?"

Hapo muuguzi alicheka, kicheko cha kutoka tumboni ambacho hakuwa amekisikia tangu ashuke kwenye ndege. Alikuwa na watu kazini, naam, lakini mtu wa kukucheka kwa lugha yako ni kitu kingine.

Walizunguka gari pamoja. Mwanamume alikuwa kinyozi, na kama vinyozi wote alijua habari za kila mtu. Alijua barabara za huku humwagwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi hiyo hula magari kwa chini kama mchwa. Akapiga magoti akachungulia. Lakini kwa maswali, muuguzi hakuwa na mfano. Alimshika muuzaji, kijana mwenye tai nyekundu, hakumwachia. Lilimilikiwa na nani kabla? Na kabla ya huyo? Limewahi kugongwa? Lilikuwa likilala ndani au nje? Na kama ni zuri hivyo, mwenyewe analiuza kwa nini? Halafu akainama, akapitisha mkono chini ya kila kiti, taratibu, kama anayetafuta kitu alichowahi kukiona.

Kinyozi aliegemea mlango, amekunja mikono.

"Bosi, nikuulize. Unaliposa au unalinunua?"

"Kitu kilichokwisha kutumika lazima ukiulize kimetoka wapi," alijibu bila kugeuka. "Kipya ndicho hakina la kusema."

"Lichukue wewe basi, mimi halinifai. Sakafu yake iko juu mno, mtu wangu wa nyumbani hataweza kupanda."

Mtu wa nyumbani. Neno lilipita masikioni mwake, naye akaliacha lipite. Mwezi mmoja zaidi na mama yake na binti zake wawili wangefika. Alihitaji viti, si maneno.

Gari alilinunua, na pamoja na gari akapata mwalimu. Jioni, maduka yakifungwa, kinyozi alikuja kwenye uwanja mpana wa kuegesha magari nyuma ya soko, akaketi upande wa bosi, akafunga mkanda kama anayepanda roketi.

"Kulia, Bosi. Shika kulia kwako."

"Kulia kwangu au kulia kwao?"

"Kulia ni kulia, mpenzi, hakuhami nchi!"

Neno *mpenzi* lilitua katikati yao, hakuna aliyeliokota. Aliyeona aibu zaidi ni yeye kinyozi. Alijisafisha koo, akaanza kusifu vioo vya pembeni.

Basi tena. Simu zikaanza. Muuguzi alikuwa akipumzika kwenye chumba cha wauguzi, kikombe cha chai mkononi, viatu amevivua, simu inalia.

"Haloo, Bosi."

"Nani mwenzangu?"

"Dereva wako usiyemlipa. Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nimekula kelele za wateja. Kuna mmoja amekuja kunyoa ndevu tu, amenisimulia mpaka talaka yake. Unarudi saa ngapi?"

"Kwani wewe polisi?"

"Polisi anauliza ili akukamate. Mimi nilikwisha kukamatwa zamani."

Alikata simu akabaki anaitazama kama inayoweza kuongeza neno. Mwenzake wa zamu, mama mmoja wa nchi nyingine kabisa, alimtazama akatabasamu. Uso ule haukuhitaji mkalimani.

Hata hivyo moyo wake haukukaa. Mume wake wa zamani alikuwa na nyumba ya pili ng'ambo ya mji. Aligundua siku aliyosafisha gari, alipopitisha mkono chini ya kiti akatoka na kiatu cha mtoto asiyemjua. Kidogo, chekundu, kimelika kisigino upande mmoja. Kiatu hicho ndicho kilichomleta nchi hii, kazi ilikuja baadaye. Aliapa kwamba binti zake hawatamzoea tena mwanamume wa kuja kuondoka. Kwa hiyo kila kinyozi alipomchekesha, yeye alicheka kwa mguu mmoja, mwingine uko mlangoni.

Siku chache kabla familia haijafika, walisimama kwenye kituo cha mafuta. Walikuwa wamekubaliana kinyozi atakwenda naye uwanja wa ndege, aketi pembeni yake kwenye barabara kuu. Akashuka kujaza matairi upepo. Simu yake aliiacha kitini.

Ikalia. Muuguzi aliitupia jicho tu, kama mtu yeyote. Kioo kilikuwa kimeandika: MKE WANGU.

Ikakatika. Ikalia tena. MKE WANGU.

Alishusha kioo cha dirisha. Sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali. "Unatafutwa kwenu."

Kinyozi, bomba la upepo mkononi, alichungulia simu, akacheka. "Ah, huyu! Asiponisikia jioni hali chakula. Nitampigia nikimaliza. Ana wivu huyu, mwache tu."

"Ana wivu."

"Kupindukia! Nikichelewa ananinunia siku nzima."

Alimpa simu kupitia dirishani, taratibu, kama anayerudisha chombo cha watu. Kisha akawasha gari.

"Bosi? Bado tairi moja!"

Tairi lile halikupata upepo siku hiyo. Kinyozi alibaki amesimama na bomba linalopiga mluzi, jaketi lake la buluu likizidi kuwa dogo kwenye kioo. Muuguzi alifika kwake hajui alipitaje njia.

Kinyozi alipiga simu. Akapiga tena. Akaandika: *Nimekukosea nini?* Muuguzi alisoma, akaifunga namba ile isimfikie tena. Na kinyozi, pamoja na maneno yake mengi, hakuwa mtu wa kwenda kusimama milangoni mwa watu.

Jumapili aliendesha peke yake. Malori yalimpita yakinguruma, akawa anajiambia kwa sauti, kulia ni kulia, akachukia kwamba maneno yalikuwa ya mtu yule. Uwanja wa ndege ulimtapika kila mtu kabla ya watu wake. Mwishowe akamwona mama yake, mdogo kuliko alivyomkumbuka, na binti zake wamevaa masweta yaliyofanana. Mkubwa alikimbia. Mdogo alisimama, akamkagua uso kama anayeulinganisha na picha, kisha akampa mkono: "Shikamoo."

Akaupokea ule mkono. Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Machozi akayaahirisha mpaka walipofika kwenye gari.

Njiani mama yake alishika mlango kwa mikono miwili, lakini ulimi ulikuwa huru.

"Mwanangu, wewe ulikuwa huwezi hata baiskeli. Nani kakufundisha haya?"

"Mtu."

"Watu ni wengi. Mtu gani?"

"Kinyozi. Mama, yule ana mke."

"Umemwona?"

"Nimeona jina kwenye simu yake. Kaandika *Mke Wangu*. Na kwa kinywa chake kasema ana wivu."

"Ukamuuliza ni nani?"

"Nimuulize nini, wakati kimeandikwa?"

Kwenye taa nyekundu mama aliuachia mlango. Kisha akavua kitambaa chake, akajipapasa mvi.

"Nywele zangu zimekuwa ndefu," akasema. "Kesho nipeleke nikanyolewe."

Hakukuwa na namna ya kumzuia. Duka la kinyozi lilikuwa chumba kirefu chenye vioo pande zote mbili, viti vitatu vya ngozi vilivyopasuka, redio, na watu wengi kuliko vichwa vinavyonyolewa. Muuguzi alibaki nje, mgongo ukutani. Mama aliingia na wajukuu wake, akaketi, akafungwa shuka shingoni.

"Nyoa zote," akaamuru. "Nina maswali. Mtu akiwa na wembe kichwani mwako ndipo unapomjua."

Kinyozi alicheka, hajui ameshika kichwa cha nani. Alikuwa amenyoa upande mmoja mpaka unang'aa, pale mlango wa nyuma uliposukumwa akaingia bikizee, mwembamba kama ufagio, amesimamia magongo mawili, koti la manyoya juu ya kanga.

"Mume wangu!" akapaaza. "Chai yangu iko wapi? Au umeshapata kisichana?"

"Mke wangu, keti kwanza utaanguka."

"Usinibembeleze mbele ya watu! Jana simu umepokea ikishalia mara ya tatu. Nimekulea tangu wazazi wako hawapo, nikakuoa mwenyewe ukiwa na meno mawili, leo unanichelewesha!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mama, nusu kichwa, hakucheka. Aligeuza shingo kuelekea mlangoni, akasema kwa sauti iliyofika nje:

"Mwanangu, ingia umsalimie mke mwenzio. Umesahau babu yako alikuita mke wake mpaka siku anazikwa?"

Muuguzi alisimama kizingitini. Hakuwa amesahau. Alijua, kama anavyojua jina lake, kwamba bibi na mjukuu huitana mume na mke. Lakini kiatu chekundu kilimfika kabla ya kumbukumbu.

Kinyozi aliushusha wembe. Uso wake haukuwa na kicheko sasa.

"Kumbe ni hilo."

"Ni hilo."

"Siku ile kwenye yadi," akasema polepole, "uliuliza gari limelala wapi, limegongwa na nani, kwa nini limeachwa. Mimi nimekaa pembeni yako jioni zote zile, hukuniuliza hata moja. Nilijua unaogopa kitu. Nikasema, akiwa tayari ataniuliza."

"Niliogopa ungejibu."

Vichwa vyote viligeukia mlangoni. Hata redio ilionekana kusikiliza.

"Nisamehe," muuguzi akasema. "Nimekuhukumu kwa kosa la mtu mwingine."

Kinyozi aliuweka wembe mezani. "Mimi siachani na bibi yangu. Atakayenichukua anachukua wawili. Na ninyi naona si mmoja. Lakini nikikuomba tuwe nyumba moja, utasemaje?"

Muuguzi alimgeukia bikizee, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, bibi. Siwezi kuolewa na mume wa mtu."

Bikizee alimpima kuanzia kilemba mpaka viatu, hakuharakisha.

"Marahaba. Huyu jamaa anakoroma, na chai yake nyepesi. Basi, mbele ya mashahidi hawa, nampa talaka." Akainua kidole kimoja. "Moja tu, msikie vizuri. Moja ina marejeo. Akikutesa, au ukimtesa, namrudia kesho yake!"

Vigelegele vikatoka hata kwa wanaume. Mama alipiga makofi chini ya shuka. Katika kelele zile muuguzi alitoka nje kupata pumzi, na kinyozi akamfuata. Hewa ilikuwa baridi, pumzi zao zikafanya moshi.

"Hujanijibu, Bosi."

"Nina swali. Nitakuwa na maswali kila siku, ujue."

"Uliza."

Alitazama kupitia kioo. Binti yake mdogo alikuwa amesimama karibu na bikizee, anagusa gongo moja kwa kidole, bado hajaamini mtu yeyote kwenye nchi hii.

"Watoto wangu watakuita nani? Baba yao yuko. Hakufaa, lakini yuko. Sitaki wafundishwe neno kisha neno liondoke."

Kinyozi alifikiri. Alifikiri muda mrefu, na kwa sababu ya urefu huo, mguu wa muuguzi uliokuwa mlangoni siku zote ukaanza kurudi ndani.

"Wasifundishwe," akasema. "Waniite watakavyo. Mradi waniite."

Mlango ukafunguka kidogo. Likatokeza sweta, halafu uso wa yule mdogo. Alimtazama kinyozi, akasita.

"We... Fundi! Bibi anasema atabaki na nusu kichwa mpaka lini?"

Kinyozi hakusogea. Alikuwa kama mtu aliyepewa kitu cha kioo akishike.

Muuguzi alimsukuma bega, polepole, macho yamemjaa machozi.

"Nenda basi," akasema. "Unaitwa."