Barua Nyuma ya Ubao wa Spana

Kila siku nikitoka shule kazi yangu ilikuwa ile ile: kuvua viatu mlangoni, kuosha vyombo vya asubuhi, kisha kuwasha kompyuta ya sebuleni nione kama kaka ameandikiwa barua pepe. Kaka alipakia mizigo uwanja wa ndege, na simu yake ilikuwa imepasuka kioo haionyeshi kitu. Akanipa neno lake la siri, na cheo juu yake. Alisema mimi ndiye katibu wake. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na sijawahi kupewa cheo kikubwa kuliko kufuta ubao darasani, kwa hiyo nilivimba kichwa.

Kaka alitaka kuwa rubani. Kwetu hakukuwa na shule ya kazi hiyo, ilibidi aende nje. Baada ya kuchambua sana alibakiwa na shule mbili. Ya kwanza tuliiita Shule ya Picha, maana tovuti yake ilikuwa picha tupu: ndege kumi nyeupe zimepanga foleni, wanafunzi wanatabasamu ndani ya miwani ya jua. Ya pili ilikuwa na picha moja tu, ya banda, tena imekaa upande. Mama ni fundi wa ndege na haamini kitu kabla hajakigusa, hivyo alimwandikisha kaka maswali ya kupeleka kote kuwili. Ndege ngapi zinaruka leo, si za kwenye picha? Mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi? Leseni yenu inakubaliwa huku kwetu? Shule ya Picha ilijibu kesho yake kwamba anakaribishwa sana na nafasi zinakwisha. Maswali hawakuyagusa. Ile nyingine ikawa kimya.

Sasa lazima nikueleze habari za mjomba. Huyu ni mdogo wake mama, na alikaa chumba cha nyuma. Miaka sita iliyopita yeye pia alikwenda nje kusomea urubani, akarudi baada ya miezi minane bila leseni na bila maelezo. Aliyemuuliza alijibiwa kwamba hayo yameisha. Ndege ikipita juu ya nyumba tukiwa mezani, mjomba aliacha kutafuna mpaka mlio upotee, na sisi wengine, bila kuambiana, tuliacha pia.

Lililonitisha zaidi ni alasiri, nyumba ikiwa kimya. Nilimsikia nyuma ya mlango uliofungwa akisema taratibu, kama rubani anayeuita mnara wa kuongozea ndege, "Mnara, naomba ruhusa ya kutua." Halafu ananyamaza, anasubiri. Hakuna wa kumjibu. Baada ya muda anarudia. Nikawa naosha vyombo kwa kelele makusudi, nisimsikie.

Jumamosi moja kaka naye alikuwa chumbani kwake akijifunza maneno hayo hayo. Nikiwa ukumbini, katikati ya milango miwili, nilisikia sauti mbili zikiomba kutua na sikuweza kujua ipi ni ya nani. Niliogopa, nasema kweli. Akilini nilimwona kaka amezeeka katika chumba cha nyuma, mvi kichwani, ameacha kutafuna.

Jumatatu barua ya shule ya pili ikaingia. Maswali yote yalikuwa yamejibiwa moja moja. Ndege ni sita, na mbili kati yake ziko kwenye matengenezo. Leseni inakubaliwa, ila atafanya mtihani wa sheria akirudi. Nafasi yake wataishikilia hadi Ijumaa ya wiki inayofuata. Niliichapa kwenye karatasi kama nilivyozoea. Kisha nikaifuta kwenye kompyuta, na karatasi nikaikunja, nikaisukuma nyuma ya ubao wa mama.

Ubao huo ulikuwa ukutani, pale ukumbini. Mama alitundika spana zake hapo, na nyuma ya kila kifaa alikuwa amechora umbo lake kwa rangi nyeupe, kama wafanyavyo kazini, ili kikikosekana pengo lionekane mara moja. Kaka akirudi jioni aliuliza, "Katibu, kuna barua?" Nami nilisema hakuna. Siku ya kwanza uongo huo niliusema nimemgeuzia mgongo. Siku ya tatu ulitoka wenyewe, na hapo ndipo nilipojiogopa. Nikipita ukumbini nilikimbia, maana yale maumbo meupe niliyaona kama macho.

Nilidhani kaka akikosa jibu atakata tamaa abaki nyumbani. Kumbe hesabu yangu ilikuwa mbovu. Alhamisi ya wiki ya pili mama alichelewa kurudi. Mezani akatueleza kwamba kazini walipohesabu vifaa, bisibisi moja ndogo haikuwepo. Bila hiyo ndege hairuki, huenda imesahaulika ndani ya injini. Abiria wakasubiri saa mbili huku mafundi wamepiga magoti wakitafuta. Kumbe ilikuwa mfukoni mwa fundi mwenzao, naye alijua tangu mwanzo, akaona haya kusema.

Kaka akatikisa kichwa, kisha akatangaza kwamba amechoka kusubiri. Shule isiyojibu barua itamjibu nini akiwa angani? Kesho asubuhi anathibitisha Shule ya Picha. Mama akauliza kama wameshajibu yale maswali. Kaka akasema watamjibu akifika. Mjomba akaacha kutafuna, na hakukuwa na ndege iliyopita.

Nililirudisha tonge sahanini. Niliinuka, nikaenda ukumbini, nikaingiza mkono nyuma ya ubao. Spana mbili zilianguka kwa kishindo. Niliiweka karatasi mbele ya kaka nikiwa nalia.

"Ilikuja wiki iliyopita, nikaificha. Sikutaka uwe kama mjomba."

Nilikuwa nimeshalisema, na mjomba alikuwa amekaa pale pale. Kaka alisoma, akaniambia nisimsemeshe kwanza. Mjomba akaichukua karatasi, akaisoma mara mbili.

"Mimi sikuuliza hata swali moja," alisema. "Nilichagua picha. Nilipofika, ndege inayoruka ilikuwa moja, na zamu yangu ilikuja mara mbili kwa mwezi. Nilijua wiki ya kwanza. Nikawaandikia ninyi naendelea vizuri, naendelea vizuri, mpaka shule ikafunga milango. Dada, ile bisibisi mimi nimekaa nayo mfukoni miaka sita."

Mama alimwekea mkono mgongoni, akauacha hapo.

Jioni ile ile kaka aliijibu shule ya pili, mjomba amekaa kando yake akiongeza maswali: tunaomba kuongea na mwanafunzi aliyepo sasa. Ijumaa nilipotoka shule nafasi ilikuwa imethibitishwa. Mimi nilivuliwa ukatibu, akapewa mjomba, na kaka hakunisemesha vizuri hadi Jumapili.

Jumapili hiyo mama aliniita ukumbini nizirudishe zile spana mbili mahali pake.

"Woga si kosa, mwanangu. Ungekuja kwangu ukasema unaogopa, tungeogopa wote," aliniambia. "Kifaa kikipotea, ndege inasubiri tu, haianguki. Inaangushwa na anayejua kilipo akanyamaza. Ukikosea, sema mapema, wakati ndege bado iko chini."

Nilitundika ya mwisho, ikalifunika umbo lake jeupe. Nyuma ya mlango wa chumba cha nyuma, sauti ya mjomba ikasema, "Mnara, naomba ruhusa ya kutua." Nikashika mkono wa mama.

Safari hii kaka alikuwa mle ndani. "Ruhusa umepewa," alimjibu. "Karibu nyumbani."