Gari Niliyoijaribu Kwenye Tambarare

Jamaa zangu wa Mwanda huku mlimani, na nyinyi wa Voi mnaozunguka mkitafuta gari ya mkono wa pili, nipeni sikio. Mimi si msomi, niliacha shule darasa la nne. Lakini haya yamenipata mwenyewe.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeondoka na jua limetulia. Nilikuwa uani naosha gari yangu nyeupe, mara ya tatu wiki hiyo. Binti yangu Wakio, mimba ya miezi tisa, alikaa kwenye kigoda akichambua maharagwe.

"Baba, ukiiosha tena hiyo gari itashikwa na kichomi."

"Haishikwi. Ina bima."

Akacheka. Halafu akashika kiuno, na maharagwe yakamwagika. Uchungu ulikuwa umeanza.

Sikuogopa. Gari niliinunua kwa ajili ya saa hiyo. Mama yake, Ndila wangu, alifia kwenye benchi la zahanati miaka miwili nyuma akingoja gari la wagonjwa, tukaambiwa halina mafuta. Na wakubwa wiki hiyo hiyo walipita hapa na msafara wa magari saba, vioo vimefungwa! Nikaapa mtoto wangu hatangoja gari ya mtu. Nikauza ng'ombe, nikaenda Voi kujifunza kuendesha, nikapata leseni.

Sasa sikieni nilivyochagua. Dalali mmoja wa Voi, Makau, nilipomsimulia habari za Ndila aliwatukana wakubwa mpaka mate yakamruka. "Hao, mzee wangu, wanakula hata dawa za wagonjwa!" Basi nikamwona ndugu. Mtu anayewachukia wale ninaowachukia, atanidanganyaje?

Tukaijaribu gari aliyokuwa anauza, barabara ya Taveta, tukageuzia Mraru. Lami, tambarare tupu. Ilikwenda kama maji. Tuliporudi, fundi Mumo, niliyeelekezwa kwake na jirani, akainama akachungulia magurudumu.

"Mzee, breki zimelika. Halafu gari ya kuishi Mwanda huijaribii Mraru. Ipakie watu, ipandishe mlima, iteremshe. Ndio tuongee."

Makau akacheka. "Mumo, sema tu unataka ya chai."

Hilo neno chai likaniwasha. Nikamwona Mumo kama wale makarani wanaoficha faili mpaka utoe kitu. Nikamwambia, "Niondokee. Nyinyi wote ni wale wale."

Akapangusa mikono na kitambaa. "Sawa, mzee. Lakini ukiteremka usikae kwa D. Shusha gia, weka L."

Hiyo L sikuuliza ni ya nini; leo najua ni gia ya kuishika gari mteremkoni bila kutegemea breki. Ningeonekana mshamba mbele ya Makau. Nikalipa. Dereva wa Makau akanipandishia gari mpaka nyumbani, na tangu hapo nilikuwa naenda nayo kanisani na kurudi, mwendo wa dakika mbili.

Siku ile ya uchungu, tukikimbilia hospitali, ndiyo mara yangu ya kwanza kuteremka mlima. Wakio alikuwa nyuma na jirani yetu Lois, mkunga. Nilikanyaga breki kona hadi kona. Kona ya nne nikasikia harufu ya kuungua. Ya sita mguu ukazama hadi chini, hakuna kitu.

"Baba, punguza!"

"Haipungui!"

Upande mmoja bonde, upande mwingine ukingo wa udongo. Nikachagua ukingo. Gari ikajibana kati ya ukingo na jiwe kubwa, injini ikazima. Milango ikagoma pande zote. Vioo ni vya umeme, navyo vikagoma. Simu haikuwa na mtandao. Nilipiga kioo cha mbele kwa ngumi na kwa kiatu. Kikapasuka nyufa tu.

"Baba Wakio, tazama mbele," Lois akasema. "Mtoto anakuja."

Nikatazama udongo, shubiri moja mbele ya uso wangu. Mtoto wangu analia nyuma yangu, na mimi siwezi kugeuka wala kutoka. Nikaanza kuwalaani wakubwa, mmoja mmoja, kwa majina.

"Baba!" Wakio akapiga kelele. "Wakubwa hawamo humu. Tumo sisi tu."

Nikaushika usukani kwa mikono miwili.

Watu waliotoka mashambani walivunja kioo cha nyuma kwa jembe. Wakio alitolewa mzima. Mtoto alikuwa ameshazaliwa, msichana, na kitovu kilikuwa kimemzunguka shingo mara mbili. Lois alihangaika naye akiwa amekunjana kwenye kile kiti, hana nafasi ya kunyoosha mkono. Mtoto hakulia. Jina lilikuwa limechaguliwa kitambo, Ndila. Tulimzika nalo, kando ya nyanya yake.

Gari ilivutwa ikarudishwa uani. Hakuna anayeitaka. Kuku wanataga ndani, na Wakio akienda kuteka maji huzunguka nyuma ya nyumba asiione.

FUNZO

Wewe dereva mpya, gari ijaribu kwenye barabara utakayoishi nayo, si ile ya muuzaji. Fundi akikuambia usilotaka kusikia, mwambie arudie. Usilolijua uliza, hata wakucheke. Na anayewatukana adui zako mkiwa sokoni bado ni muuzaji.

Wakubwa nitawadai Ndila wa kwanza mpaka nife. Ndila wa pili siwezi kuwadai. Usukani ulikuwa mikononi mwangu.