Machozi ya Rangi ya Chungwa

Editha alikutana na Kaelo mnadani Kilosa, ng'ombe alipomkanyagia kanga mpya. Kijana mrefu mwenye shuka jekundu akamsogeza mnyama kwa kiganja kimoja.

"Samahani dada. Huyu hana adabu."

"Na mwenyewe anayo?"

"Nikununulie soda, uniambie."

Soda ikaleta simu, simu zikaleta mapenzi ya kukosa usingizi. Kaelo alipogundulika ana kifua kikuu, Editha ndiye aliyempa moyo. Lakini dawa zilipoanza tu, simu zikakatika, ukaja ujumbe mmoja: "Tafuta mwingine. Sitakuoa."

Editha akavaa gauni lake la kijani, akapanda basi la Mikumi, hasira zimemjaa hadi kooni. Alimkuta Kaelo nyuma ya chumba chake cha kupanga, amekonda.

"Ni nani huyo mwanamke?"

"Hakuna mwanamke, mpenzi. Nakojoa damu." Akainamisha kichwa. "Nimechunga tangu utoto. Ng'ombe akikojoa mkojo mwekundu hivi, hafiki mbali. Sitaki nikuache mjane."

Akaanza kulia, na Editha akasahau hasira zote. Machozi yaliyomteremka Kaelo yalikuwa ya rangi ya chungwa. Alikuwa hajawahi kuona kitu kama hicho maishani. Akalipangusa moja kwa kidole, akaligeuza juani. Lilikuwa jepesi, linang'aa, zuri la kutisha.

"Hii si damu, Kaelo. Dawa zako zina rangi gani?"

"Nyekundu. Nimeacha tangu jana, za nini tena?"

"Inuka. Twende zahanati."

"Shikamoo nesi," wakasema kwa pamoja walipofika.

"Marahaba." Muuguzi Naomi akasikiliza, akashika kiuno. "Hiyo ni rangi ya dawa. Hutoka kwenye mkojo, jasho, hata machozi, wala haidhuru. Tulipaswa kukwambia, tumekosea. Macho yakiwa ya njano, au ukitapika sana, hapo njoo mbio. Ila usiache tena dawa kwa kichwa chako. Na wewe dada, tukupime kifua kikuu pia."

Nje, Kaelo alisimama akitazama mikono yake kama mtu aliyezaliwa upya.

"Editha, nilishamwambia kaka awachukue ng'ombe wa mahari yako."

Editha alikuwa hajui hata kama wapo.

"Mpigie. Sasa hivi, nikisikia."

Kaelo akapiga.

"Kaka, wale ng'ombe usiwaguse. Naoa."