Nusu Kidonge

Asubuhi moja fundi cherehani aliinua macho kutoka kwenye pindo alilokuwa akishona. Akamwona mama mkwe akitia kijikaratasi kwenye mfuko wa shati la mwanawe, seremala.

"Meza ukifika kazini," bibi alinong'ona. "Mkeo asijue."

Fundi akajifanya anatunga uzi. Akawaza moyoni: Kumbe analishwa dawa! Ndiyo maana siku hizi mume wangu anayumba kama mlevi. Juzi nusura msumeno umkate vidole. Mama yake anataka aniache!

Siku ya kufua alipekua mfuko. Ndani ya karatasi mlikuwa na nusu ya kidonge cheupe, ambayo mumewe alisahau kumeza. Akakimbilia kwa jirani, mhudumu wa afya wa mtaa.

"Dada, nitazamie. Mama mkwe anamroga mume wangu."

Mhudumu alicheka. Alipokitazama vizuri, kicheko kikakatika. "Mchawi gani anakata kidonge kwa kisu? Hii ni dawa ya presha, alama yake naijua. Twende kwako."

Walimkuta bibi akichambua maharage.

"Mama, hii umempa mwanao?" mhudumu aliuliza.

"Nimempa. Kichwa kinamuuma, presha hiyo. Nilimlea, sasa yeye ananilisha. Nile dawa peke yangu kama mchoyo? Damu yetu si moja?"

"Damu ya ukoo ni moja, mama. Presha kila mtu ana yake. Chakula gawaneni, hata sabuni. Dawa ya hospitali, hapana. Nusu haikutoshi wewe. Naye akimeza bila kupimwa, presha inaweza kushuka mno, akaanguka."

"Mbona hukuniambia, mama?" fundi aliuliza.

"Nikuambieje, na unanitazama kama mwizi wa kuku?"

Fundi akainama. "Nilidhani ni dawa ile... nyingine."

"Ya mganga? Ningekuwa na mganga, ningeanza na magoti yangu!"

Kesho yake bibi, seremala na mkewe walikwenda zahanati wote watatu. Presha ya bibi ilikuwa juu sana. Ya seremala ilikuwa chini. Alikatazwa kumeza dawa ya mama yake. Kichwa kilimuuma kwa sababu ya macho. Akapewa miwani.

Wakagawana kazi. Seremala humpeleka mama yake zahanati kila mwezi. Mkewe husimamia dawa. Baada ya miezi miwili presha ya bibi ilishuka, na seremala hayumbi tena.

Kila asubuhi bibi humeza kidonge kizima, kisha humwachamia mkwe wake mdomo.

"Tazama, mpelelezi. Kimekwenda."

"Inua na ulimi, mama."


Bibi huinua.